Jenerali aliyetaka Ikulu kwa kura

Jenerali Yakubu Gowon alipinduliwa akiwa Kampala. Ilikuwa Julai 29, 1975, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wamekusanyika kwa Idi Amin, ndipo kiongozi wa Nigeria alipopata habari kwamba kule Lagos hana tena serikali. Aliyetangaza mapinduzi hayo redioni alikuwa Kanali Joseph Garba, mkuu wa kikosi kilichopaswa kumlinda. Nyuma ya Garba walikuwapo maofisa wachache wa rika lake, na mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 32 kutoka Katsina, Shehu Musa Yar'Adua.

Huku kwetu jina la Yar'Adua linajulikana zaidi kwa sababu ya mdogo wake Umaru, aliyekuwa Rais wa Nigeria kuanzia 2007 hadi alipofariki 2010. Lakini Yar'Adua wa kwanza ni huyu kaka: alistaafu jeshi akiwa na miaka 36, akafanya biashara na kutajirika, kisha akaingia siasa akitaka kwa kura kile ambacho wenzake walizoea kukichukua kwa bunduki. Hakukipata. Alichokiacha ni kundi la watu, na kundi hilo limetoa makamu wa rais, magavana na mawaziri kwa miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Alizaliwa Machi 5, 1943, mtoto wa Musa Yar'Adua, mwalimu aliyekuja kuwa waziri wa masuala ya Lagos katika serikali ya kwanza baada ya uhuru. Alijiunga na jeshi 1962 pamoja na mwenzake wa shule huko Katsina, Muhammadu Buhari, akapelekwa Sandhurst, Uingereza. Vita vya Biafra, eneo la mashariki lililotaka kujitenga na Nigeria, vilimkuta na Divisheni ya Pili, ile iliyomwaga damu nyingi kujaribu kuvuka Mto Niger hadi ikauingia mji wa Onitsha, Machi 1968. Wiki chache baadaye, Aprili 13, Tanzania ya Mwalimu Nyerere iliitambua Biafra kuwa nchi. Kwa hiyo wakati Dar es Salaam inatoa tamko lake, kijana huyu alikuwa upande wa pili wa bunduki.

Kazi iliyomtambulisha kwa wananchi, hata hivyo, haikuwa ya vitani. Ilikuwa ya saruji.

Serikali ya Gowon, ikiwa imelewa fedha za mafuta, iliagiza saruji inayofikia takriban tani milioni 20 kutoka kila pembe ya dunia. Sehemu kubwa ilikuwa ya Wizara ya Ulinzi, eti ya kujengea kambi. Bandari ya Lagos ilikuwa na uwezo wa kushusha sehemu ndogo tu ya mzigo huo kwa mwaka. Mamia ya meli zikatia nanga nje ya bandari, nyingine kuukuu mno, zimekodiwa makusudi zikakae foleni, kwa kuwa mikataba ilimlazimisha mnunuzi kulipa kila siku ambayo meli inacheleweshwa. Kuna saruji iliyogandia humo humo melini. Kiongozi mpya, Murtala Mohammed, alimkabidhi Yar'Adua wizara ya uchukuzi na balaa hilo zima. Mikataba ikasimamishwa, wauzaji wakaitwa mezani, meli zikaanza kupungua. Baadhi ya wauzaji walikimbilia mahakamani, na kesi ya Trendtex dhidi ya Benki Kuu ya Nigeria, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1977, mpaka leo wanafunzi wa sheria wanaisoma kama mfano wa benki ya serikali kunyimwa kinga ya dola.

Murtala aliuawa Februari 13, 1976. Olusegun Obasanjo akashika nchi, naye Yar'Adua, luteni kanali ambaye juu yake kulikuwa na foleni ndefu ya wakubwa, akapandishwa ghafla kuwa brigedia na kufanywa namba mbili wa serikali. Hesabu ya kisiasa iko wazi: aliyeuawa alikuwa Mwislamu wa Kaskazini, aliyechukua nafasi yake ni Mkristo wa Kusini Magharibi, na Kaskazini ilihitaji kuona mtu wake karibu na kiti. Kwenye nafasi hiyo ndimo yalimopita mageuzi ya serikali za mitaa ya 1976, yaliyoipa Nigeria yote mfumo mmoja wa halmashauri. Mtu anayesimamia kazi ya namna hiyo huijua nchi wilaya kwa wilaya: nani ana watu, nani ana maneno tu.

Oktoba 1, 1979, wanajeshi walimkabidhi madaraka Shehu Shagari, rais aliyechaguliwa. Yar'Adua alitoka siku hizo akiwa meja jenerali, na hakutoka peke yake. Obasanjo alikwenda kulima na kufuga Otta. Theophilus Danjuma, aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliingia kwenye biashara ya meli, na baadaye akapata kitalu cha mafuta kilichomfanya kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa Afrika.

Milango ya utajiri huo ilifunguliwa na nini? Zaidi ya ujanja wa mtu binafsi, kulikuwa na sheria. Amri za 1972 na 1977 zilizilazimisha kampuni za kigeni kuuza sehemu ya hisa kwa Wanigeria. Kampuni ya Ulaya iliyokuwa ikitafuta mbia mwenyeji ilimtaka mtu anayepigiwa simu na mawaziri, na jenerali aliyestaafu jana alikuwa ndiye hasa. Amri ya 1977 ilitolewa na serikali ambayo Yar'Adua mwenyewe alikuwa namba mbili wake. Hilo halimfanyi mwizi, lakini wanaosimulia biashara zake kana kwamba alianza na mtaji wa kuuza karanga wanaliruka.

Alikuwa na mkono katika Benki ya Habib, akawa na mashamba, na kule Kaduna nyumba yake ya uchapaji ilitoa gazeti la The Reporter. Jina lake limehusishwa pia na kampuni ya huduma za bandari iliyokuja kuitwa Intels, ambayo Mwitaliano Gabriele Volpi aliianzisha na ofisa mmoja aliyetoka forodhani mwaka 1989. Ofisa huyo ni Atiku Abubakar. Kabla ya kuacha kazi alikuwa ameshaanza kuhudhuria vikao vya siasa nyumbani kwa Yar'Adua Lagos, na kwenye vikao hivyo ndiko fedha za jenerali zilikoelekea.

Huko nyuma chama kikubwa Nigeria kilikuwa cha kabila au cha eneo. Yar'Adua, ambaye watu wake walimwita Tafida kwa cheo chake cha jadi cha Katsina, alijenga kitu tofauti: alitafuta mtu wake katika kila jimbo, akampa fedha na gari, kisha akamwachia ajenge kwake. Alimchukua mwanadiplomasia Baba Gana Kingibe kutoka Borno. Alimchukua Tony Anenih, polisi mstaafu wa Kusini. Alimchukua Chuba Okadigbo, Mwigbo wa Anambra, jimbo ambalo ndani yake umo mji ule ule wa Onitsha ambao divisheni ya Tafida iliuchukua kwa mizinga. Kwa mwanajeshi wa upande ulioshinda vita kukubalika na watu wa upande ulioshindwa, ndani ya miaka 20, si jambo dogo, na hapa ndipo mimi namvulia kofia. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka kampeni za 2005 hahitaji kuelezwa sana mtandao ni nini. Huu ulikuwa mtandao, ila wenye nidhamu ya kikosi.

Mwaka 1989 Jenerali Ibrahim Babangida, aliyekuwa akitawala baada ya jeshi kurudi madarakani, aliruhusu vyama. Vikundi 13 viliomba usajili, kikiwemo People's Front cha akina Yar'Adua, vyote vikakataliwa. Babangida akaunda vyama viwili kwa amri, kimoja kikiegemea kushoto kidogo na kingine kulia kidogo, akawaambia wanasiasa wachague. Watu wa Tafida waliingia kwa pamoja katika SDP, cha kushoto, na si muda mrefu Kingibe akawa mwenyekiti wake. Bilionea anayeongoza kundi ndani ya chama cha mrengo wa kushoto! Umaru, mdogo mtu, angalau alikuwa na historia ya ujamaa. Aligombea ugavana wa Katsina kwa SDP mwaka 1991 akashindwa nyumbani kwao, fedha za kaka na mtandao vyote vikiwapo.

Kwenye kura za maoni za urais Septemba 1992, Yar'Adua aliongoza SDP. Malalamiko ya rushwa na orodha feki za wanachama yalikuwa mengi, tena ya kweli, na hakuna mgombea mzito aliyekuwa na mikono misafi. Babangida aliyatumia kama sababu. Kabla ya mwaka kwisha alifuta kura hizo na kuwapiga marufuku wagombea wote 23 wa vyama vyote viwili. Mwaka huo huo Tanzania, iliyokuwa inaingia mfumo wa vyama vingi, iliwataka wanajeshi wake wachague jeshi au siasa. Jakaya Kikwete alistaafu akiwa luteni kanali na miaka 13 baadaye akawa rais. Nigeria nayo ilimruhusu mwanajeshi kuvua gwanda. Waliobaki na gwanda ndio walioamua nani ashinde.

Tafida alipozuiwa, alimsukuma Atiku. Mkutano mkuu wa SDP huko Jos, Machi 1993, uliwapanga tajiri Moshood Abiola wa kwanza, Kingibe wa pili, Atiku wa tatu. Atiku alijitoa, kura za kundi zikaenda kwa Abiola, na kundi likatarajia umakamu wa rais. Abiola akampa Kingibe, ambaye wakati huo alikuwa ameshajitenga na bosi wake wa zamani. Juni 12 Abiola alishinda. Juni 23 Babangida akafuta matokeo.

Watu wa Abiola hawakumsamehe Tafida kwa yaliyofuata. SDP, ikiwa chini ya Anenih kama mwenyekiti, ilikubali kuundwa kwa serikali ya mpito ya Ernest Shonekan badala ya kupigania ushindi wake yenyewe. Wakosoaji walisema Yar'Adua alitaka uchaguzi mpya ili apate nafasi ya kugombea tena. Wapambe wake wakajibu kwamba Babangida asingerudi nyuma kamwe, hivyo muhimu ni kumwondoa kwanza. Ukitazama yaliyotokea Novemba 17, 1993, Jenerali Sani Abacha alipoisukuma kando serikali hiyo bila risasi hata moja, utetezi huo unakosa nguvu. Kumwacha mshindi apotee hivi hivi kuliwaachia wanajeshi njia nyeupe.

Lakini kosa hilo, kama lilikuwa kosa, alilipa. Abacha aliitisha mkutano wa katiba Abuja mwaka 1994, Yar'Adua akaingia kama mjumbe na kuanza kuhesabu vichwa kama alivyozoea. Desemba mkutano ulipitisha azimio kwamba jeshi liondoke madarakani ifikapo Januari 1, 1996. Machi 1995 alikamatwa, Obasanjo naye akakamatwa, wote wakishtakiwa kwa njama ya mapinduzi. Aprili mkutano ulilifuta azimio lile. Mahakama ya kijeshi iliyoketi kwa siri ilimhukumu Yar'Adua kifo. Kelele za dunia zilipozidi, Abacha akaibadili kuwa kifungo cha miaka 25.

Alifia gereza la Abakaliki, mashariki mwa nchi, Desemba 8, 1997, akiwa na miaka 54. Watu wake wa karibu wameshikilia siku zote kwamba aliuawa. Miezi sita kamili baadaye, Juni 8, 1998, Abacha mwenyewe akafa, na Obasanjo akatoka jela.

Kundi halikutawanyika. Liliingia katika chama kipya cha PDP likiwa limeshikamana, na mwaka 1999 Obasanjo akawa rais, Atiku makamu wake, Anenih waziri, Umaru gavana wa Katsina. Okadigbo alikuja kuwa Rais wa Seneti. Uchaguzi wa 2007 ndio wa ajabu zaidi: wagombea watatu wa mbele walikuwa Umaru, mdogo wa Tafida, Buhari, mwenzake wa shule na wa jeshi, na Atiku, mwanafunzi wake wa siasa ambaye sasa alikuwa hapatani na Obasanjo. Umaru alitangazwa mshindi katika uchaguzi ambao waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliulaani vikali, na katika hotuba ya kuapishwa akakiri mwenyewe kwamba ulikuwa na kasoro.

Atiku amegombea tena 2019 na 2023, mara zote akishika nafasi ya pili. Aliyemshinda mara ya kwanza ni Buhari. Wa mara ya pili ni Bola Tinubu, aliyeingia Seneti mwaka 1992 kwa tiketi ya SDP kutoka kundi la Lagos lililokuwa karibu na mtandao wa Tafida.