Mkojo Ukichoma, Nywele za Mahindi Hazitoshi

Umekwama kwenye matatu Thika Road, magari hayasongi, na kibofu kinakuita mara ya nne tangu asubuhi. Ukifika chooni unatoa matone mawili matatu, tena yanachoma kama pilipili. Rafiki yako ashakuandikia kwa WhatsApp: chemsha nywele za mahindi, sista, kunywa siku tatu utakuwa fiti.

Usimcheke. Nyuzi hizo ambazo muuza mahindi choma hutupa zimetumika miaka na mikaka kuongeza mkojo, sawa na maji ya shayiri. Lakini mimi naona kazi kubwa hapo hufanywa na maji yenyewe. Utafiti uliochapishwa 2018 ulifuata wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo na kuugua UTI kila mara. Walioongeza lita 1.5 za maji kwa siku waliugua mara 1.7 kwa wastani katika mwaka mmoja; wenzao mara 3.2. Maji tu, bana. Kwa hivyo ile tabia ya kukaa na kiu mjini ili usilipie choo inakuponza.

Kranberi nayo? Uchambuzi wa Cochrane wa 2023 ulionyesha inasaidia kuzuia UTI isirudi kwa wanawake wanaougua mara kwa mara. Kuzuia, si kutibu. Na bei yake supamaketi unaijua.

Maambukizi mengi huletwa na bakteria aina ya E. coli. Chai inaweza kukutuliza huku wao wakipanda hadi kwenye figo. Ukiona homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongo chini ya mbavu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito asingoje hata dalili hizo.

Kisha kuna mchomo ambao si UTI kabisa. Kisonono na klamidia huchoma vilevile, na hapo ndipo nyinyi maboi hujidanganya sana. Kama umekulia Kwale au Tana River ukiogelea mabwawani, damu kwenye mkojo huenda ikawa kichocho, na hicho hutibiwa kwa praziquantel, si shayiri.

Chai yako kunywa ukipenda, lakini peleka mkojo maabara kwanza. Na zile antibiotiki alizobakisha mwenzako wa chumba usiziguse: huenda si za bakteria wako, na hazitoshi dozi.