Nyumba za Udongo Kando ya Jangwa

Wengi hudhani ya kuwa nyumba ya udongo ni nyumba ya mtu aliyekosa fedha za kununulia saruji. Twende basi hata Moroko, kusini ya milima ya Atlas, tukatazame.

Huko, kando ya mto Ounila, kuna kijiji chenye boma kiitwacho Aït Benhaddou. Zamani misafara iliyotoka Marrakech kwenda nchi zilizo ng'ambo ya Sahara ilipita hapo. Kuta zake ndefu ni za udongo, na mwaka 1987 UNESCO iliandika kijiji hicho katika orodha ya urithi wa dunia. Mvua ni haba. Mchana wa kiangazi jua huchoma, na usiku wa majira ya baridi huweza kukaribia kiasi cha maji kuganda.

Mafundi huanza na msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, ili unyevu usiufikie ukuta. Juu yake husimamisha mbao zinazoelekeana, mfano wa sanduku lisilo na kitako wala kifuniko. Nafasi iliyo katikati ndiyo unene wa ukuta, mara nyingi sentimeta 50 au zaidi. Ndani humwaga udongo wenye unyevu kidogo, tabaka la sentimeta 15 hivi, na mtu huushindilia kwa mchi mzito mpaka tabaka lishuke kufikia kama 10 na mchi utoe mlio wa kugonga kitu kigumu. Tabaka hufuata tabaka. Sanduku likijaa, mbao hufunguliwa na kusogezwa mbele.

Udongo wenyewe huchaguliwa. Ule wa juu wenye mizizi na samadi haufai, maana vitu hivyo huoza. Wahitajika mchanga na changarawe kwa wingi, na mfinyanzi kiasi cha sehemu 15 hadi 30 katika 100. Ukizidi, ukuta hupasuka unapokauka. Fundi hufumbata donge mkononi, akaliachia lianguke toka usawa wa bega. Likisambaratika lote, udongo ni mkavu mno. Likibaki donge zima, maji yamezidi. Likivunjika vipande vichache, kazi ianze. Twaupenda mtihani huu: hauhitaji chombo chochote.

Faida yake i wapi? Ukuta mnene hupokea joto polepole. Jua la mchana huchukua saa 10 au zaidi kuupenya, hata joto lifikapo chumbani, nje usiku umekwisha kupoa. Hapo madirisha hufunguliwa, ukuta ukapoa tena kwa ajili ya kesho. Lakini tusiseme uongo: ukuta huu huchelewesha joto, hauuzuii kabisa upitaji wake. Kwa hiyo wakati wa baridi wahitaji jua, na katika nchi hiyo jua la majira hayo hupita chini upande wa kusini. Mwenye akili huweka dirisha kubwa huko, na juu yake ukingo wa paa wa kuzuia jua la kiangazi, lipitalo juu zaidi.

Hata hivyo, jamaa nyingi za Aït Benhaddou zimehamia ng'ambo ya mto, katika nyumba mpya. Ndani ya boma wamebaki wachache. Nyumba ya matofali membamba ya saruji haidai ukarabati baada ya kila mvua, lakini kiangazi huwa kama tanuru, na mwenyewe hununua umeme wa kuipoza.

Tena kuna hofu iliyo ya haki. Tarehe 8 Septemba 2023 tetemeko la nchi lilipiga milima ya Atlas, wakafa watu karibu 3,000, wengi chini ya nyumba za udongo na za mawe. Udongo hubeba uzito vema, bali ukivutwa au kutikiswa hukatika. Moroko ilikuwa imekwisha kutoa kanuni za kujenga kwa udongo mahali pa matetemeko, mwaka 2013. Yafaa kuta ziwe fupi na nene, milango na madirisha yakae mbali na pembe, na juu kabisa pite mshipi wa mbao au wa zege unaozifunga kuta zote pamoja. Mshipi huo hauongezi gharama kubwa, wala haupunguzi ubaridi wa chumba hata kidogo.