Pora au Tembe: Namna ya Kuwapambanua Kuku Wachanga

Mfugaji anayeanza, awe amenunua vifaranga mchanganyiko kwa tamaa ya mayai au ametotolesha kwa koo wake mwenyewe uani, hachelewi kujiuliza ni wangapi katika kundi lake watakaotaga, na ni wangapi watakaokula mtama wake na kumlipa kwa kuwika tu. Swali hili ni la haki, kwa sababu chakula cha kuku ni ghali, na majimbi watatu katika ua mmoja mdogo hujeruhiana na kuwasumbua mitetea. Lakini jibu lake halipatikani wakati wowote mtu apendapo, kwani kila umri una dalili zake, na dalili iliyo yakini katika wiki ya 12 haifai kitu katika wiki ya 2.

Kwanza na tuiondoe dhana iliyoenea kwamba yai lenye ncha hutoa jogoo na yai la mviringo hutoa jike. Kwa ndege, aamuaye jinsia ya mtoto ni mama: jogoo ana kromosomu mbili zilizo sawa, Z na Z, ilhali jike ana Z na W, na kiini cha yai huwa kimekwisha kujaliwa moja ya hizo mbili kabla ya kuachana na ovari. Gamba hufanyizwa baadaye, kwa muda wa takriban saa 20, wala umbo lake halina habari na jambo lililokwisha kukatwa shauri. Kwa hiyo anayemlalishia koo mayai 12, hata akiyachagua moja moja, na atarajie majike na madume karibu nusu kwa nusu.

Siku ya kutotolewa ziko njia chache za kutegemewa, na mbili kati yake ni hizi. Ya kwanza ilichunguzwa na wataalamu wa Kijapani, Masui na Hashimoto, katika miaka ya 1920: ndani ya tundu la haja la kifaranga mna kinundu kidogo mno, ambacho aghalabu kwa dume huwa kikubwa na cha duara zaidi. Ustadi huo ulienea katika viwanda vya kutotolesha duniani, illa ni kazi ya mtu aliyefunzwa kwa muda mrefu, na asiyefunzwa akiijaribu aweza kumdhuru kifaranga hata afe. Njia ya pili ni rangi, nayo hufaa kwa mbegu zilizopandishwa kwa makusudi hayo. Jogoo mwekundu wa Rhode Island akipandishwa kwa majike wa Plymouth Rock wenye mistari, vifaranga wote hutoka weusi, lakini madume huwa na doa jeupe utosini na majike hawana. Sababu yake ni kwamba asili ya mistari imo katika kromosomu Z, na Z ya mama hurithiwa na wanawe wa kiume peke yao. Kuku wetu wa kienyeji, waliochanganyika vizazi kwa vizazi, hawana hesabu hiyo, na mwenye kuwafuga hana budi kungoja.

Kungoja huko huanza kulipa baina ya wiki ya 5 na ya 8, pale undu, yaani upanga wa kichwani, unapoanza kunena. Undu wa pora huinuka, hunenepa na kuwa mwekundu mapema, pamoja na ndevu za nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, ilhali wa tembe wa umri ule ule hubaki mdogo na wa rangi hafifu. Sababu yake ilianza kufahamika mwaka 1849 huko Göttingen, Ujerumani, ambako Arnold Berthold aliwahasi pora kadhaa: walioachwa bila ya korodani undu wao ulidumaa, wasiwike wala wasigombane, na waliopandikizwa korodani tumboni, mbali na mahali pake pa asili, wakakua majogoo kamili. Kumbe korodani hupeleka amri zake, yaani homoni ya kiume, kwa njia ya damu, na undu huzitii.

Lakini ovari nayo hutoa kiasi cha homoni hiyo ya kiume, na tembe anapokaribia kutaga undu wake huiva mwekundu. Basi anayengoja hata mwezi wa 5 ndipo autazame upanga, aweza kumchinja mtetea aliyebakiza siku chache kutaga. Fauka ya hayo, mbegu hazilingani. Kuchi, kuku mrefu anayejulikana sana pwani kwa ugomvi wake, huwa na undu mdogo ulioshikana na kichwa hata akiwa jimbi, na aliyezoea kuku wengine atamdhani jike. Ndiyo sababu undu hulinganishwa kwa ndugu wa mtotoo mmoja na mbegu moja.

Shahidi mwaminifu kuliko wote ni unyoya, naye hufika kuanzia wiki ya 10 hata ya 14. Mshike kuku kwa utaratibu, mgeuzie mgongo kwenye mwanga, kisha uyapanue kwa kidole manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Ya tembe yana ncha ya mviringo na yamelingana. Ya pora ni membamba, marefu, yenye kung'aa, nayo huishia kwa ncha iliyochongoka, na baadaye huangukia pande zote mbili za kiuno. Ya shingoni nayo huwa vivyo hivyo. Unyoya wa mviringo ni kazi ya homoni ya kike, na pasipo homoni hiyo unyoya huchongoka. Ndiyo maana jogoo aliyehasiwa hupoteza undu wake lakini habadili vazi lake. Kadhalika, kuku jike hutumia ovari moja tu, ya kushoto, na ikiharibika kwa maradhi aweza kuota manyoya ya kiume na hata kuwika. Wengi humhesabu kuku huyo kuwa ni kisirani. Kwa hakika ni mgonjwa.

Dalili nyingine ni za kuunga mkono tu: miguu minene, kusimama wima, kuwakabili wenzake, na mabega yanayochelewa kuvaa manyoya kwa pora wa mbegu nzito. Kipi cha mguuni kisimdanganye mtu, maana mitetea wengine wakizeeka huota vipi.

Basi mfugaji na afanye hivi: katika wiki ya 6 awafunge uzi wa rangi mguuni wale anaowadhania pora, akiulegeza kila mguu unavyonenepa, na katika wiki ya 13 aikague hukumu yake kwa unyoya kabla ya kuuza au kuchinja. Akitaka vifaranga, amwache jogoo mmoja kwa kila mitetea 10 hivi. Na akitaka mayai ya kula tu, asimwache hata mmoja, kwani mtetea hutaga bila ya jogoo.