Homa ya ini C: shida ni ile "rudi wiki ijayo"

Damu Salama wakija chuoni, mwanafunzi anayechangia damu anapimwa bila hata kuomba. Damu yake inaangaliwa VVU, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Sasa shuka Kariakoo. Kuli wa Msimbazi au kijana anayejidunga heroini vichochoroni, hiyo C atapimiwa wapi?

Kwanza tusichanganye. Homa ya ini B ina chanjo. C haina chanjo, ila inapona kabisa: vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Asiyetibiwa anaweza kukaa miaka 20 bila dalili huku ini likijaa makovu, na mwisho saratani. C hupita kwenye damu, kwa hiyo wanaochangia sindano ndio walio hatarini zaidi. Utafiti wa mwaka 2011 kwa wanaojidunga dawa za kulevya Temeke ulikuta zaidi ya mmoja kati ya wanne ana alama za maambukizi.

Kwa nini "alama"? Kwa sababu kupima C kuna hatua mbili. Ya kwanza ni tone la damu ya kidole, majibu ndani ya dakika 20 hivi. Kipimo hiki hutafuta kingamwili, yaani kinasema tu kwamba kirusi kiliwahi kuingia. Takriban watu 3 kati ya 10 hukiondoa wenyewe, na kingamwili hubaki. Hatua ya pili inatafuta kirusi chenyewe, na hapo ndipo watu wanapopotea. Ukimwambia mtu wa kibarua "rudi wiki ijayo", umemwambia apoteze siku ya riziki na nauli juu. Harudi.

Suluhisho ni kuzileta hatua zote mbili pale alipo tayari. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na mgonjwa huenda kunywa dozi yake kila siku. Mashine za GeneXpert, zinazopima kifua kikuu katika hospitali zetu, zinaweza pia kupima kirusi cha C kwa takriban saa moja zikiwekewa katriji yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vipimo vya aina hii karibu na mgonjwa, baada ya kupendekeza mtu kujipima mwenyewe mwaka 2021. Misri ilipima mamilioni ya watu kuanzia 2018 na kuwatibu bure.

Lakini kipimo bila dawa ni kumgawia mtu hofu tu. Kwa hiyo Julai 28, Siku ya Homa ya Ini Duniani, vyama vyetu vya wanafunzi wa afya vikipanga kupima watu sokoni, swali la kwanza kwenye kikao lisiwe fulana ngapi. Liwe hili: atakayekutwa na kirusi, tunamkabidhi kwa nani siku hiyohiyo?