Masisi: Bastola nyepesi ya kwenda nayo shamba, ni ulinzi ama hatari ingine?

Kutoka Sake kuelekea Minova, barabara ya taifa namba 2 inapita Shasha na Kirotshe, Ziwa Kivu likiwa upande mmoja na milima ya Masisi upande mwingine. Mashamba ya maharagwe, mihogo na migomba yako juu ya milima hiyo, mara nyingi mbali na nyumba. Mlimaji anatoka alfajiri na jembe, mama anapanda kutafuta kuni, kijana wa motari anapeleka mizigo ya watu sokoni. Wote wanajua kwamba njiani wanaweza kukutana na mtu mwenye silaha.

Basi si ajabu mwenye ng'ombe ama mfanyabiashara kujiuliza: nikipata bastola ndogo, ya kuficha chini ya koti, si nitatembea na roho tulivu? Kabla ya kujibu, inafaa kupima mambo manne: uzito, uhakika wa silaha yenyewe, sheria, na yule utakayekutana naye.

Uzito mdogo una bei yake

Makarov ya Urusi ina uzito wa gramu 730 hivi bila risasi, na shajeri yake inabeba risasi 8. Glock 19 ya Austria ina gramu 600 hivi na inabeba risasi 15. Kuna zingine zinazokaribia gramu 500. Kwa mtu anayepanda mlima, tofauti hiyo inasikika.

Lakini kadiri bastola inavyokuwa nyepesi, ndivyo inavyoruka mkononi inapopiga. Mdomo wake mfupi unafanya kulenga kuwe kugumu. Mtu asiyezoea, tena mwenye woga, anakosa hata kwa hatua chache. Anayemsimamisha njiani mara nyingi ana AK-47, silaha ya kilo 4 hivi yenye risasi 30, inayofika mamia ya metre. Hayo si mapigano ya watu wawili walio sawa.

Silaha ya kuaminika ni ipi?

Ni ile inayofyatua kila mara inapotakiwa, na isiyofyatua hata mara moja isipotakiwa. Silaha za zamani zinazozunguka vitani hazina uhakika huo. Tokarev TT-33 kwa mfano, ilitengenezwa bila kizuizi cha usalama cha pembeni. Ikianguka chini ikiwa na risasi ndani, inaweza kumpiga mwenyewe.

Risasi nazo zinachanganya watu. Makarov inatumia risasi ya milimita 9, Glock 19 pia milimita 9, lakini si risasi moja: ile ya Makarov ni fupi, na huwezi kuweka moja mahali pa nyingine. Tena mvua na matope ya Masisi yanaleta kutu. Bastola inaomba kufunguliwa, kusafishwa, kupakwa mafuta, na mwenyewe kufanya mazoezi ya kulenga. Mtu wa Kirotshe atafanya mazoezi hayo wapi? Risasi moja ikilia mlimani, watu wanafunga magodoro na kukimbia.

Karatasi utaionyesha nani?

Sheria ya Kongo kuhusu silaha na risasi, namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, hairuhusu raia kubeba silaha ya moto bila kibali. Protokoli ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Kongo ilisaini, inataka kila silaha iwe na alama na iandikishwe. Kwa hiyo bastola iliyonunuliwa kwa siri haina karatasi, na mwenyewe hana utetezi.

Tangu M23 ilipochukua Minova na Sake mwezi Januari 2025, swali limekuwa gumu zaidi. Hata mwenye kibali cha Kinshasa, atakionyesha nani kwenye barieri? Na akikutana na Wazalendo, atasema yeye ni wa upande gani? Raia asiye na kitu mfukoni anaweza kupekuliwa, akaombwa pesa, akaachiliwa. Akikutwa na bastola, haitwi tena mlimaji. Anaitwa mpiganaji ama mpelelezi, na hakuna atakayengoja maelezo yake.

Hata wenye mafunzo wanaanguka

Walinzi wa mbuga ya Virunga wana bunduki ndefu, mafunzo, redio na magari. Hata hivyo tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa katika shambulio moja, kati yao walinzi 12. Kama hao walishindwa, bastola ya mtu mmoja kwenye njia ya shamba itafanya nini?

Kuna jambo lingine. Wanaotembea zaidi kwenda shamba na kutafuta kuni ni wanawake. Bastola ya baba inabaki na baba, ama inabaki chini ya mto nyumbani, mahali watoto wanacheza. Anayehitaji ulinzi kuliko wote haupati.

Kinachosaidia zaidi

Vitu vinavyosaidia ni vya kawaida, na havina uzito. Kwenda kwa kundi, si peke yako. Kuuliza wanaotoka mlimani hali ya njia kabla ya kupanda. Kuacha habari nyumbani: shamba gani, saa gani ya kurudi. Kuwa na filimbi, na simu yenye chaji. Kutobeba pesa zote mahali pamoja. Na baada ya mapigano kama yale ya Shasha ya Februari 2024, kutogusa chuma chochote kisichojulikana shambani: weka alama kwa mbali, rudi kwa njia uliyokujia, julisha wakubwa wa kijiji.

Hakuna hata moja ya hizo inayomaliza vita. Ila hakuna inayokufanya ulengwe.

Miaka ya 2000 huko Katanga, PAREC ya mchungaji Daniel Ngoy Mulunda ilikuwa inawapa baiskeli watu waliorudisha bunduki. Wengi walikubali. Baiskeli ni nzito kuliko bastola, lakini inafikisha mihogo sokoni, na mwenyewe anarudi nyumbani jioni.