Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Inavuja

Kaskazi ikishaanza kuvuma na Dar es Salaam ikaanza kutota jasho, naulizwa swali lile lile: "Fundi, AC inatakiwa ijazwe gesi kila baada ya muda gani?" Wengine hawaulizi tena. Wameshaamua kuwa ni kila mwaka, wanataka bei tu.

Jibu ni fupi: haijazwi. Kiyoyozi kilichofungwa vizuri huishi na gesi ile ile kiliyotoka nayo kiwandani mpaka siku kitakapouzwa kama chuma chakavu. Hakuna ratiba ya kujaza gesi katika kitabu cha mtengenezaji yeyote. Ratiba hiyo imetungwa mitaani, na inawalipa walioitunga.

Nadhani kosa linaanzia jikoni. Mtungi wa kupikia huisha kwa sababu gesi yake inaungua. Ya kiyoyozi haiungui, inazunguka. Kompresa iliyo kwenye mashine ya nje inaibana mpaka inakuwa ya moto, feni inalipepea joto lile nje, gesi inageuka kimiminika. Kisha shinikizo linashushwa, kimiminika kinachemka ndani ya koili ya chumbani, kinabeba joto la chumba na kurudi kwenye kompresa kikiwa gesi tena. Njia yote imefungwa, hakuna mahali pa gesi kutumika.

Kwa hiyo, gesi ikipungua pana tundu. Fundi anayeunganisha geji, akafungulia mtungi, akapokea hela na kuaga bila kutafuta tundu hilo, amekuuzia gesi ya kwenda hewani. Ataitwa tena, na anajua.

Halafu ipo ile namba: 60. Kuna mafundi ambao elimu yao yote ya gesi ni kwamba sindano ya geji isimame kwenye PSI 60. Namba hiyo ilikaribia ukweli enzi za gesi ya zamani ya R22. Gesi ya R410A hufanya kazi kwa shinikizo la takriban mara 1.6 ya R22, kwa hiyo anayeiachia kwenye 60 ameilaza mashine njaa. Kompresa hupozwa na gesi baridi inayorudi kutoka ndani. Ikipungua, kompresa inajichemsha mpaka inakufa. Kwenye mashine za inveta geji ndiyo haisemi kitu kabisa, maana mwendo wa kompresa hubadilika na shinikizo hubadilika nao. Tazama kibandiko ubavuni mwa mashine ya nje: kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake. Uzito, si PSI. Kipimo cha gesi ni mizani, na fundi asiyebeba mizani anakisia.

"Lakini alipoongeza ilipoa!" Naam, ilipoa. Mara nyingi, kabla ya kuongeza, aliosha chujio la ndani na kupiga maji koili ya nje iliyojaa vumbi. Ungemlipa ya kuosha peke yake ungepata ubaridi huo huo. Hata ile barafu kwenye paipu, ambayo kila jirani huitafsiri kuwa gesi imeisha, hutokea pia chujio likiziba na hewa ikashindwa kupita kwenye koili. Dalili ni moja, sababu ni mbili, na anayeanza na ile ya bei ghali hakuhurumii.

Sasa imeingia dawa ya kuziba uvujaji: kichupa unachoambiwa kitaziba tundu chenyewe bila kufungua kitu. Baadhi ya dawa hizi huganda zikikutana na unyevu. Vizuri, ila mfumo uliofungwa ovyo una unyevu ndani, kwa hiyo dawa inaganda humo humo, kwenye njia nyembamba kuliko zote. Tundu la nati moja linakuwa mashine nzima ya kutupa.

Matundu mengi huzaliwa siku mashine ya nje inapofungwa. Mdomo wa paipu ya shaba unapanuliwa bila kulainishwa kingo, nati inakazwa kwa nguvu za bega mpaka shaba inapasuka, au inaachwa imelegea. Kisha, badala ya kunyonya hewa kwa pampu ya vakyumu, fundi anafungua valvu kidogo ili gesi isukume hewa nje. Anaita kupuliza. Unyevu unabaki ndani, na mafuta ya kompresa za gesi za R410A na R32 hunyonya unyevu vibaya sana, yakazalisha asidi. Huku pwani, kuanzia Msasani mpaka Nyali, chumvi ya bahari nayo inatafuna shaba na alumini kwa nje.

Na gesi inayovuja haipotei. Uzito kwa uzito, R410A hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 ya kabonidayoksaidi. R22 huharibu pia tabaka la ozoni, ndiyo maana inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R410A na R32 zinapunguzwa kwa nyongeza ya mkataba huo iliyopitishwa Kigali mwaka 2016.

Sasa ya kufanya, haraka haraka. Unafunga kipya? Mashine ya nje ikae penye hewa, isitazame upepo wa bahari, isibanwe kwenye korido inayoirudishia joto lake yenyewe. Ukiogopa wezi weka grili ya nondo, si sanduku la bati. Paipu zote mbili zivishwe sponji, kila moja yake. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo. Uvujaji upimwe kwa naitrojeni. Oksijeni kamwe, ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo hulipuka. Pampu ya vakyumu ishushe mpaka maikroni 500, izimwe, isubiriwe kuona kama kipimo kinapanda, ndipo valvu zifunguliwe. Uko penye baridi, Njombe, Arusha au Nairobi? Nunua inayopasha joto pia. Ni mashine ile ile ikizungusha gesi kinyume.

Unacho tayari na hakipoi? Osha chujio. Osha koili ya nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi, umeme ukiwa umezimwa. Karibu na bahari, fanya hivyo kila mwezi. Pima kapasita. Bado? Paka povu la sabuni kwenye nati na utafute mafuta yaliyotapakaa, maana gesi hutoka na mafuta. Ziba, nyonya hewa, jaza kwa mizani. R32 huweza kushika moto, kwa hiyo fundi asivute sigara. Ikiwa ni R22 ya zamani na koili imetoboka, usiikarabati, nunua mpya.

Na fundi akikwambia gesi imeisha, muulize inavuja wapi. Asipokuonyesha tundu, usimlipe gesi.