Jinsi Charlotte Bobcats walivyopoteza mechi 59 kati ya 66

Usiku wa tarehe 26 Aprili 2012, katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina nchini Marekani, timu ya mpira wa kikapu ya Bobcats iliingia uwanjani kwa mechi yake ya mwisho ya msimu. Wageni wao, New York Knicks, waliwafunga pointi 104 kwa 84. Kilikuwa kipigo cha 23 mfululizo.

Kwa kipigo hicho Bobcats walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 7 na kupoteza 59. Hiyo ni asilimia 10.6 ya ushindi, na tangu ligi ya kulipwa ya NBA ilipoanza mwaka 1946 hakuna timu iliyokuwa imemaliza na kiwango cha chini namna hiyo. Waliokuwa wakishikilia rekodi hiyo ya aibu ni Philadelphia 76ers, walioshinda mechi 9 kati ya 82 katika msimu wa 1972-73.

Kilichowashangaza wengi zaidi ni jina la mwenye timu. Michael Jordan, aliyetwaa ubingwa mara sita akiwa na Chicago Bulls na kuwemo katika kikosi kilichoshinda mechi 72 msimu wa 1995-96, ndiye aliyekuwa mmiliki mkuu wa Bobcats tangu mwaka 2010.

Msimu wenyewe ulikuwa mfupi. Mvutano wa wamiliki na wachezaji juu ya mgawanyo wa mapato uliifunga ligi kwa miezi kadhaa, ikaanza siku ya Krismasi mwaka 2011, na kila timu ikacheza mechi 66 badala ya 82 za kawaida. Siku iliyofuata Bobcats waliifunga Milwaukee Bucks kwa pointi moja, 96 kwa 95. Nani angedhani kwamba mwanzo huo mwema ungefuatwa na ushindi mara sita tu hadi mwezi Aprili?

Ili kuelewa yaliyotokea ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka 2010 timu hiyo hiyo ilishinda mechi 44 na kuingia katika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza, ambako Orlando Magic waliitoa bila huruma, mechi nne kwa sifuri. Uongozi ukaona kwamba unalipa mishahara mikubwa kwa kikosi ambacho hakiwezi kufika mbali. Februari 2011 ukamwachia Gerald Wallace, mchezaji pekee aliyesalia tangu timu ilipoanza kucheza mwaka 2004, aende Portland. Malipo yake makubwa yalikuwa haki ya kuchagua wachezaji chipukizi siku zijazo. Miezi minne baadaye akaondoka pia Stephen Jackson, mfungaji wao tegemeo.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, mwenendo huu unaweza kuonekana kama wazimu. Timu inayoshika mkia katika ligi za Dar es Salaam, Nairobi au London hushuka daraja, na pamoja nayo hushuka mapato. NBA haina daraja la kushukia. Badala yake, timu dhaifu hupewa nafasi ya mbele katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, kwa nia ya kuinua wanyonge. Ubaya wa utaratibu huo ni kwamba timu ya wastani, isiyo bingwa wala hohehahe, ndiyo isiyopata kitu. Hivyo viongozi wengine huona afadhali kubomoa nyumba yote na kujenga upya.

Wachezaji, hata hivyo, hawaingii uwanjani ili washindwe. Kila mmoja anatafuta mkataba ujao. Bobcats walipungukiwa nguvu tu: walifunga wastani wa pointi 87 kwa mechi, wachache kuliko timu nyingine yoyote msimu huo, na wakazidiwa na wapinzani kwa wastani wa karibu pointi 14.

Miongoni mwao alikuwemo kijana wa miaka 19 kutoka Lubumbashi, mji wa Kongo ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani. Bismack Biyombo, aliyepitia klabu ya Fuenlabrada ya Hispania, alikuwa wa saba katika uteuzi wa mwaka 2011. Kijana wa umri huo kwa kawaida huwekwa nyuma ya wakongwe ajifunze polepole. Yeye alisukumwa mbele kupambana na majabali wa ligi, usiku baada ya usiku, katika timu iliyokuwa ikizama. Hata hivyo alimaliza msimu kwa wastani wa ribaundi karibu sita na mitupo takriban miwili aliyoizuia katika kila mechi.

Mzigo wa uwanjani aliubeba kocha Paul Silas, aliyekuwa bingwa mara tatu enzi zake za uchezaji. Msimu ulipokwisha hakupewa mkataba mwingine.

Ikabaki zawadi. Mwaka ule mchezaji aliyetamaniwa na kila timu alikuwa Anthony Davis wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Lakini ili kuzuia timu zisishindwe kwa makusudi, nafasi ya kwanza hupatikana kwa bahati nasibu, kwa mipira midogo 14 yenye namba. Bobcats walikuwa na uwezekano wa asilimia 25, mkubwa kuliko wote. Tarehe 30 Mei 2012 mipira iliwaangukia New Orleans, waliokuwa na asilimia 13.7 na ushindi mara tatu ya ule wa Bobcats. Davis akaenda huko. Charlotte wakamchukua Michael Kidd-Gilchrist, mlinzi hodari ambaye hakuwahi kuwa nyota.

Msimu uliofuata walishinda mechi 21, wakarudi katika mtoano mwaka 2014, na mwaka huo huo wakaliacha jina la Bobcats na kuitwa Hornets. Kuanzia mwaka 2019 ligi ilipunguza uwezekano wa timu ya mwisho kuwa asilimia 14, sawa na timu mbili zinazoifuata. Detroit Pistons walionja makali ya kanuni hiyo: katika msimu wa 2023-24 walipoteza mechi 28 mfululizo, wakashika mkia, kisha bahati nasibu ikawapa nafasi ya tano.

Biyombo alihamia Toronto mwaka 2015, na Mei 2016 alidaka ribaundi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland, kwenye fainali ya kanda ya mashariki. Mwaka 2018 alirudi Charlotte. Mwaka mmoja baadaye Kemba Walker, aliyeanza naye katika msimu ule wa vipigo 59 na kubaki hapo miaka yote minane, alikuwa akifungasha mizigo kwenda Boston.